Mkwe Wangu na Wapangaji Wawili

Mkwe wangu Ofwono alikuwa na adabu, na adabu yake ilitaka kuniulia mtoto.

Sisemi hivyo kwa ubaya. Kwetu Usamia, na kwao Petta vilevile, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Akikuona njiani anaingia majanini mpaka upite. Ni heshima, nami naipenda. Lakini heshima hiyo ilitungwa na watu wenye majani. Hospitalini majani yako wapi? Kuna veranda moja, benchi moja, na choo.

Uganda ilikuwa imepata uhuru wake juzijuzi tu. Binti yangu Teopista alikuwa mjamzito, na tumbo lake likifika mahali, yeye bado yuko njiani. Nikavuka mpaka kutoka Busia na sufuria yangu na mkeka, nikaenda kumuuguza katika hospitali ya misheni upande wa Tororo. Sista Felistus, mkunga, aliweka pembe yake ya mbao tumboni, akasikiliza huku, akasikiliza kule, kisha akaniinulia vidole viwili, kimya. Alifanya vema kunyamaza. Watoto wa namna hiyo hawatajwi kabla hawajalia. Sisi tulisema "mzigo" tu.

Teopista alitaka jambo moja: auteremshe mzigo wake mwenyewe, bila kisu. Dada yake Ofwono alipasuliwa, na tangu siku hiyo hakuinua jembe tena. Wanawake wa Petta, wana midomo hao, wakamwita Gunia la Kushonwa.

"Mama, mimi mkulima," Teopista akaniambia. "Nikishonwa, nani atanilimia?"

Daktari, kijana wa miwani, hakukataa. Alituketisha akatueleza. Wa mbele ameelekeza kichwa chini, hiyo ni heri. Wa nyuma amejilaza upande kama gogo. Huenda akageuka akipata nafasi, huenda akagoma.

"Nitamwacha ajaribu," akasema. "Lakini mumewe aje atuambie kwa kinywa chake, mimi au Sista, kwamba wa nyuma akikwama napasua hapo hapo. Siwezi kuanza kumtafuta saa hiyo. Ukoo mmoja ulishanijia hapa na mikuki kwa sababu nilipasua mke wao bila neno la mume."

"Na asipokuja?"

"Uchungu ukianza kabla hajasema, nampeleka Mbale. Kule wanapasua mapema, na kule kuna askari mlangoni."

Nikacheka moyoni. Neno moja tu! Na Ofwono alikuwa akija kila siku kwa baiskeli, na maziwa na ndizi. Nani angejua?

Siku ya kwanza daktari alimwita verandani. Akapanda ngazi, akavua kofia, akafungua mdomo. Mimi nikatoka wodini na beseni. Weee! Mtu mzima aliruka ua wa maua kama mbuzi, kofia akaiacha mkononi mwa daktari.

"Mama, huyu ni mwizi?"

"Si mwizi, daktari. Ni mkwe."

Siku ya pili nilijificha nyuma ya pazia la wodi. Pazia fupi. Akaiona miguu yangu kutoka langoni, baiskeli ikageuka yenyewe.

"Basi ondoka wewe!" daktari akanifokea.

"Niondoke? Uji atapikiwa na nani, na wewe?"

Teopista kitandani akafunika uso kwa shuka. "Mungu wangu, watu wazima hawa! Mnanipeleka Mbale kwa heshima zenu."

Maneno hayo yaliniuma. Siku ya tatu nikaapa sitaonekana. Nikaenda jikoni, kibanda ambamo sisi wauguzaji tunapikia wagonjwa wetu. Kina mlango mmoja, hakina dirisha, na moshi wake unaweza kukausha samaki. Nikakaa pale mlangoni kwa ndani, nimeupa uwanja mgongo, nikikoroga uji na kujipongeza. Hapa hanioni hata akiwa na macho ya mwewe.

Nyuma ya lundo la kuni, mtu akakohoa.

Nikatazama chini. Viatu vya Ofwono. Na yeye, maskini, aliogopa nitatokea tena verandani, akaona heri angoje mahali ambapo hakuna atakayemwona. Sasa angetokaje? Mlango ninao mimi.

Nilitaka kuinuka nimpishe, kumbe Sista Felistus anakuja mbio.

"Mama! Uchungu umeanza, na gari la Mbale linawashwa! Mume yuko wapi?"

Basi, jamani, nilichoka. Nilichoka na adabu, na kuni, na miwani ya daktari. Nikajitupia leso kichwani, nikageukia ukuta ili nisimwone, nikapaza sauti.

"Kitendawili!"

Kikohozi tena.

"Kitendawili, nasema, enyi kuni mnaokohoa!"

"Tega," kuni zikajibu, sauti nyembamba.

"Nyumba moja, mlango mmoja, wapangaji wawili. Wa kwanza katoka salama. Wa pili kalala kizingitini, mlango haufunguki, na nyumba inaungua. Mwenye nyumba yuko mbali, kajificha. Fundi afanye nini?"

Kuni zikasogea kidogo.

"Fundi avunje ukuta, mama. Asiningoje."

"Na mpangaji akiamka mwenyewe?"

"Apite mlangoni kama mwenzake. Mke wangu ndivyo anavyotaka. Na mimi pia."

Felistus alitazama kuni, akanitazama mimi. "Huyo ndiye mume?"

"Hizo ni kuni. Lakini ndizo zilizomwoa mwanangu."

"Mzee, nijibu wazi: wa pili akikwama, tupasue?"

"Pasueni, Sista. Asipokwama, mwacheni."

Akakimbia kulizima gari.

Msichana alitoka kwanza, kwa kelele, kama mtu anayedai njia. Wa pili akabaki amelala kulekule upande. Felistus akaweka viganja viwili tumboni, akawa anamsukuma polepole kwa nje ili ageuke, huku Teopista ananivunja vidole. Visu vilikuwa tayari mezani. Nikamuuliza daktari mbona hapasui.

"Nina ruhusa," akasema. "Kwa hiyo naweza kungoja kidogo."

Na mpangaji wa pili, mvulana, akageuka. Hakutoka kwa kichwa, alitanguliza matako, tusi lake la kwanza duniani. Tukawaita Apio na Odongo, kama wanavyoitwa kwao Petta watoto wanaokuja wawili. Hakuna aliyeshonwa.

Siku ya kuruhusiwa, Akullo, mama yake Ofwono, alifika na wanawake wa Petta, wakapiga madebe na kuimba matusi ambayo siwezi kuyaandika. Ndiyo desturi ya watoto kama hao: hawavuki kizingiti mpaka wakwe watukanane uso kwa uso. Siku hiyo tu, hakuna majani.

Mimi nilianza vizuri. "Miguu ya korongo! Mwoga wa miti mikavu! Masikio yako yangetosha kuezekea jiko!"

Wanawake wakaruka kwa vigelegele. Ofwono akabaki anatokwa na jasho, macho kwenye vidole vya miguu.

"Nitukane, mwanangu!" nikamsihi. "Watoto wanataka kwenda nyumbani!"

Teopista alikuwa amesimama kwa miguu yake, mtoto mmoja mkononi, mwingine mgongoni. "Ofwono, mtukane mama twende, mahindi yanangoja palizi."

Akainua uso. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona macho yake. Mazuri, mekundu bado kwa moshi.

"Mama," akasema, "kitendawili chako kilikuwa kirefu. Na uliniziba mlango."

"Hilo si tusi!" Akullo akalia.

"Kwa huyu, hilo ni tusi la mwaka," nikamjibu. "Piteni!"

Tukatoka nje. Nilipomwahi langoni nimpe kofia yake aliyomwachia daktari, alinitazama kidogo, akakumbuka kwamba desturi ya matusi imekwisha, akajitosa majanini mpaka mabegani. Nikaitundika kofia kwenye kijiti, nikapita.