Ndevu na Miguu ya Pilato

Kwa miaka mingi Ngari alikuwa jogoo. Kila Ijumaa Kuu, kigango chao nje kidogo ya Runyenjes kilipoigiza mateso ya Bwana, yeye alisimama nyuma ya pazia na kumwikia Petro. Aliwika vizuri, tena vizuri kupita kiasi: mwaka mmoja majogoo wa jirani walimjibu, na wazee wawili wa chama tawala, chenye nembo ya jogoo, wakainua kidole wakidhani mkutano umeanza. Lakini hakuna aliyewahi kumwona akiwika. Watoto wa sokoni walimwita Kukuruku, na binti yake Igoki, aliyekuwa kidato cha pili, akija likizo alipitia mashambani ili asiwasikie.

Hilo ndilo lililomchoma. Alitaka Igoki amwone baba yake ameketi kitini, watu wakimwinamia na kumwita liwali. Alitaka kuwa Pilato.

Pilato alikuwa Njiru, mwenye kinu cha kusaga mahindi, na sababu yake ilikuwa moja tu, ndevu. Zilikuwa nyingi, nyeupe kwa unga siku za kazi na nyeusi Jumapili, na ukizitazama uliona serikali. Katekista Muchangi akiulizwa mbona Pilato habadilishwi, alijibu kwamba ndevu kama zile hazipatikani kila mahali.

Sasa mwaka huo, miaka ya tisini ikiishia, mjini Embu palikuwa pamefunguliwa chumba chenye kompyuta chache na kitu kilichoitwa intaneti. Ngari alisikia kwamba ukikiuliza kinajibu, hakijali wewe ni nani. Akavaa koti lake la harusi, akaenda.

Msichana wa pale aliitwa Nkirote. Ngari alimweleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekuja kununua dawa ya minyoo, kwamba anatafuta mambo ya Warumi wa kale. Nkirote akauliza mambo gani hasa. Ngari akatazama nyuma yake, kisha akasema ndevu.

Picha ya sanamu ya mkubwa mmoja wa Kirumi ikaanza kushuka kwenye kioo, mstari kwa mstari. Kwanza nywele. Ngari akangoja. Likaja paji la uso. Akangoja. Pua ilipofika, laini ya simu ikakatika, na Nkirote ikambidi aanze upya kutoka kwenye nywele.

"Tulia, mzee," akamwambia. "Inaload pole pole."

Mara ya pili pua ilipita, mdomo ukapita, na kidevu kikatokea kitupu, laini kama yai. Chini yake paliandikwa, na Nkirote akamtafsiria yale magumu, kwamba wakubwa wa Kirumi wa zama zile walinyoa. Ndevu zilikuja kuwa fasheni baadaye sana, Pilato akiwa ameshaoza. Ngari alifurahi hata nusura awike.

Kwenye kikao cha maigizo aliitandaza karatasi aliyochapishiwa na Nkirote mbele ya katekista, akakaa kwa unyenyekevu wa kinafiki. Hakuwa na ubaya na mtu, alisema, ni historia tu. Muchangi, aliyeheshimu chochote kilichopigwa chapa, akamwambia Njiru achague wembe au kiti. Njiru akazishika ndevu zake kwa mikono yote miwili na kuzichagua. Kiti kikaenda kwa Ngari, na siku hiyo alikwenda nyumbani akitembea taratibu, kama liwali.

Wiki iliyofuata Njiru naye akaonekana Embu. Alirudi na karatasi ndefu kuliko ya mwenzake. Kwa Warumi, ilisema, suruali lilikuwa vazi la washenzi; Mrumi mwenye heshima alitembea miguu wazi. Na Pilato wa kigango, tangu kigango kianze, alivaa suruali ya suti chini ya pazia jekundu lililokuwa joho lake.

"Kama ni intaneti, iwe intaneti yote," Njiru akasema akijipapasa kidevu. "Kosa langu lilikuwa hapa. Lako linaanza kiunoni."

Watu walicheka, Ngari hakucheka. Miguu yake ilikuwa myembamba, lakini hiyo haikuwa shida. Shida ilikuwa Ciakuthii, mama mkwe wake, ambaye kwa ajili ya macho yake yaliyofifia aliketi benchi ya mbele kabisa. Tangu aoe, Ngari hakuwahi kukutana naye njiani bila kuhamia upande wa pili, wala kula mbele yake, wala kumwonyesha goti. Mwanamume wa kwao akionwa mapaja na mama mkwe hatozwi mbuzi tu, anasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Njiru alilijua hilo vizuri. Mama mkwe wake mwenyewe alikuwa amezikwa zamani.

Ngari alirudi kwa Nkirote akiwa mnyonge. Aliuliza kama kuna Mrumi yeyote aliyejifunika. Wakatafuta, laini ikakatika, wakatafuta tena, mpaka ikatokea toga: shuka kubwa jeupe, vazi la heshima la raia wa Roma, linalozungushwa mwilini na kushuka mpaka karibu na nyayo. Halikufungwa kwa mshipi wala pini, mkono wa kushoto ndio uliolishikilia. Roho ikamtulia. Mkewe Kagwiria alipomletea pini za nepi alizikataa, maana alijua Njiru angezitafuta kwanza pini.

Lakini Njiru hakubisha tena. Aliomba tu, kwa upole uliomshangaza kila mtu, awe mtumishi wa kumshikia Pilato beseni. Ngari akadhani mwenzake amesalimu amri.

Ijumaa Kuu ikafika. Kuwika alipewa mwimbaji mmoja wa kwaya, akatoa sauti ya mbuzi, na watu wakanung'unika wakimkumbuka Ngari. Kisha Ngari akatokea. Shuka lilimeremeta. Makuhani wakainama, askari wakainama, naye akaketi. Kwenye benchi ya vijana alimwona Igoki akiinua shingo. Alisema maneno yake yote bila kukwama, na moyo ulimjaa.

Ndipo Njiru akaja na beseni, akapiga magoti, macho yakimng'aa.

"Nawa mikono, mheshimiwa liwali."

Ngari akalitazama beseni. Mkono wa kushoto ndio ulioshika shuka. Chini ya shuka palikuwa na kanzu fupi ya Kirumi, iliyoishia juu ya magoti, aliyoishona mwenyewe kutoka gunia la unga, na jina la kinu cha Njiru lilikuwa bado linasomeka. Akatumbukiza mkono wa kulia, akauzungusha majini.

"Yote miwili," Muchangi akanong'ona nyuma ya pazia.

Ngari akauzungusha ule ule. Mtoto mmoja akacheka. Kanisa zima likawa linangoja Pilato anayejitakasa nusu.

Benchi ya mbele, Ciakuthii akasimama kwa fimbo yake. Macho yalikuwa mabovu, akili haikuwa mbovu.

"Nawa, muthoniwa," alimwambia mkwewe. "Sisi hatuoni."

Akageuka, akampa mgongo. Mama mzee aliyeketi naye akafanya hivyo, na wa kando yake, mpaka benchi yote ya mbele ikawa migongo na vitambaa vya kichwa. Kicheko kikafa. Ngari akaliachia shuka, likamwangukia Njiru, ndevu na vyote, na Pilato akanawa mpaka viwiko, miguu wazi, gunia kiunoni.

Baadaye padre alimshika Muchangi mkono, machozi yakimlengalenga. Hajawahi kuona, alisema, taifa likimgeuzia mgongo hakimu dhalimu namna ile. Alitaka kujua wazo hilo walilitoa wapi.

"Intaneti," Muchangi akajibu.

Jioni Igoki aliongozana na baba yake nyumbani. Walipofika njia panda, Ngari akaelekea mashambani, akijua mazoea ya binti yake, lakini binti alishaishika ya sokoni.

"Nimekuona, Baba," alisema. "Hata gunia nimelisoma."

Watoto wa sokoni wakaanza na Kukuruku yao. Igoki akasimama katikati yao na kuwaambia kwamba jina ni Liwali, wakachukua muda kidogo kulizoea.