Senti Kumi Zilizosuguliwa

Arlys Kucera hakutaka mtu yeyote wa chama cha wakusanya sarafu aseme kwamba mke wa Leland ni mchafu. Ndiyo maana mumewe alipojilaza baada ya chakula cha mchana, alizitoa zile sarafu zake kuukuu za senti kumi, za madini ya fedha, kwenye albamu, moja moja, akazisugua kwa dawa ya kung'arishia vijiko mpaka zikawaka. Kwao mgeni hakuwekewa mezani vijiko vya fedha vilivyofifia, na jioni hiyo hazina ya Leland ilikuwa inakwenda kukadiriwa thamani mbele za watu. Mzee mwenyewe macho yalikuwa yameingia ukungu, asingeona tofauti. Angesikia sifa tu, na Arlys alitaka sana azisikie kabla hajaondoka duniani.

Miaka yote ya ndoa Leland alikuwa akimhubiria habari za sarafu, na miaka yote ziliingia sikio hili zikatokea la pili. Huo ndio ukweli, hata kama hauna sura nzuri.

Chama hukutana chini ya kanisa la Kilutheri, penye kahawa nyepesi na, jioni hiyo, kolache, vile vimkate vyenye jamu katikati, alizooka Arlys mwenyewe na kuzigawa kwa mkono wake. Duane Vrbka, ambaye Leland ndiye aliyemfundisha kukadiria sarafu, alitandika kitambaa cheusi, akawasha taa, akaanza na ile ya 1916 yenye herufi D ya kiwanda cha Denver. Nebraska nzima wapenda sarafu huiota hiyo. Duane aliiangalia kwa lenzi, akaigeuza, akatoa nyingine, kisha nyingine.

Mwishowe akaeleza, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, kwamba ile ngozi iliyojengwa na miaka mia moja juu ya fedha ilikuwa imekwanguliwa. Ile D jana ingenunua trekta kuukuu. Leo wanunuzi wangeikimbia, au wangeitolea bei ya huruma. Zile nyingine thamani yake ilikuwa ya kuyeyushwa tu.

"Nani kazisugua, mzee?"

Arlys alisikia moto ukimpanda shingoni. Alifungua mdomo. Lakini chini ya meza mkono wa Leland ulikwisha kulitafuta goti lake, ukalibana.

"Mimi," Leland akasema. "Nilitaka zipendeze."

Mtu wa nyuma akacheka, na chumba kizima kikamfuata. Huyu si ndiye aliyemfukuza mwanachama mkutanoni kwa kupangusa sarafu kwa shati? "Kumbe mchungaji naye huiba sadaka," mzee mmoja akamtania. Leland akacheka pamoja nao, masikio yamemwiva. Jina alilolijenga maisha yake yote lilikuwa linabomoka mbele ya sahani za kolache, na mkewe ameketi ubavuni pake anakunjua na kukunja kitambaa cha mezani. Alijiambia atasema kahawa ikiisha. Kahawa ikaisha. Akajiambia atasema watu wakitulia. Wakatulia, naye akamsaidia mumewe kuvaa koti.

Garini, kabla hawajaondoka uani mwa kanisa, Leland alikaa na albamu mapajani. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Zilikuwa zinang'aa?" akauliza.

"Zilikuwa zinang'aa sana, mume wangu."

"Sijawahi kuziona hivyo," Leland akasema, akageuzia uso dirishani.

Arlys akazima gari. Alirudi kanisani karibu anakimbia, akashuka ngazi, akasimama mlangoni huku wanaume wakikunja viti. Safari hii alisema, na kwa sauti ya kusikika, kwamba ni yeye aliyezisugua, kwamba Leland hakuzigusa.

Hakuna aliyeshtuka. Duane aliendelea kukunja kile kitambaa cheusi, pembe kwa pembe, bila kumtazama.

"Tunajua, shemeji," akasema. "Dawa ya vijiko ilikuwa inanuka mikononi mwako tangu ulipokuwa unatugawia kolache. Tulimcheka mzee wetu ili umtetee."