Omo Sebuleni kwa Jirani

Nahodha alikuwa amekwisha kuikataa michoro mara mbili, na kila mara kwa upole uliomuuma msanifu kuliko matusi.

"Mistari yako mizuri, mwanangu," alisema mama huyo wa makamo. "Lakini mimi chombo nakisoma kwa mgongo na viwiko. Nitie ndani, ndipo nitakwambia."

Kumtia mtu ndani ya chombo ambacho hakijajengwa si kazi ndogo. Ilikuwa mashua ya matanga ya kwenda kwenye barafu za ncha ya dunia, na msanifu ndiye aliyepewa kupanga mambo yote ya ndani: nani alale wapi, jiko likae wapi, makoti yaliyolowa yatundikwe wapi. Akamlalamikia wifi yake, dada wa mumewe, mshona mapazia aliyekuja kuwatembelea. Wifi akatafakari huku akitafuna uzi.

"Basi tuijenge hapa hapa," akasema. "Maboksi yapo, mashuka yapo, na kaka yangu yupo kazini."

Wakaanza. Jiko la nyumba likawa tezi, yaani nyuma ya mashua. Kiambaza cha maboksi ya friji kikatenga jiko na vitanda, na kando yake wakaacha ujia mwembamba. Meza ya kupigia pasi ikawa kitanda cha mhandisi. Lakini walipofika mlango wa mbele, mashua ilikuwa bado haijaisha. Wakatazamana, kisha wakautazama mlango wa jirani, ng'ambo ya ngazi, alikokaa kinyozi mstaafu. Msanifu akapiga moyo konde, akabisha hodi, akamweleza kwamba omo, yaani mbele ya mashua, inaangukia sebuleni kwake.

"Omo yenyewe?" kinyozi akauliza.

"Omo yenyewe, mzee wangu."

Akajikuna kidevu. "Sawa. Ila kitanda cha huko mbele ni changu."

Wifi alicheka mpaka akakaa sakafuni, na tangu hapo kazi haikwenda tena kwa akili timamu. Mume aliporudi alikuta haingii kwake ila kwa kupanda juu ya kitanda cha mhandisi. Akavua viatu, akapanda, akateremka upande wa pili, akauliza chakula kiko tezi au omo.

Jumamosi nahodha akaja na watu wake, mhandisi, daktari na mpishi, wote wamevaa makoti mazito ya barafuni kama alivyowaamuru. Walipomaliza ngazi walikuwa wanachuruzika jasho. Nahodha hakutabasamu. Akalala kila kitanda, akajaribu kila kona kwa viwiko, akaingia chooni na koti lake na kutoka.

"Sasa bahari imechafuka," akatangaza. "Tumelala upande wa kushoto. Kila mtu na kazi yake."

Watu wazima wakainama kushoto kama migomba iliyopigwa na upepo, wakaanza kazi. Mpangaji wa ghorofa ya juu akatokea ngazini na kikapu cha sokoni. Daktari akamsihi ashike ukuta asije akaanguka baharini. Mpangaji akashika, naye akainama, akapita taratibu akiomba radhi. Baada ya kuweka kikapu chake akarudi kutazama.

Ndipo mpishi, pande la mtu, akatoka jikoni na sufuria tupu, huku wifi, ndani ya koti la kuazima, akitoka upande wa pili. Wakakutana ujiani.

"Pita, shemeji," mpishi akasema.

"Nipite wapi na wewe umekuwa mlango?"

Wakageuka kwa pamoja, tena upande mmoja. Kiambaza kikalia, kikalala. Kikavuta shuka, shuka likavuta kamba, na kamba ikaangusha chombo chote mpaka ngazini.

Msanifu akajifunika uso. Kisha akasikia sauti ya ajabu, kama birika linalokaribia kuchemka. Alikuwa nahodha, amekaa kwenye sakafu ya jiko, anacheka machozi yakimtoka.

"Tumegonga barafu?" kinyozi akauliza kutoka omo.

Hapo hakuna aliyebaki na mbavu. Nahodha alipopata pumzi akatazama mbele. Kutoka jikoni aliona moja kwa moja mpaka kwa kinyozi, aliyekuwa akimpungia mkono kitandani.

"Safari iliyopita kila mtu alikuwa na chumba chake na mlango wake," akasema. "Tukaishia kupishana kama wapangaji waliogombana. Hiki kiambaza usikirudishe."

Msanifu akaliona mara moja: joto la jiko litafika vitandani, makoti yatakauka juu ya benchi litakalokaa mahali pa kiambaza, na anayepika hatazungumza na ukuta. Akajitupa sakafuni katikati ya miguu ya watu, akachukua chaki ya wifi, akaanza kuchora juu ya boksi, moyo ukimwenda mbio. Mmoja akisema zungusha benchi, mwingine anasema sogeza meza, na yeye anafuta, anachora, anacheka peke yake.

Safari hii michoro ilikubaliwa. Wifi naye akapewa kushona mito ya benchi, akasema hawezi kukata kitambaa kabla mpishi hajaja kukalia kipimo. Mpishi akaja. Kipimo cha mto mmoja kikala mchana mzima.

"Wifi," msanifu akamnong'oneza, "mto una pembe nne tu."

"Wewe chora," wifi akamjibu. "Kupima niachie mimi."