Sahihi Chini ya Picha ya Baba

Gencho Badev alikuja kwetu na keki, maana hana haya. Akaketi kwenye kiti cha baba bila kukaribishwa, akaniambia kwamba Jumapili, siku ya kutimiza mwaka tangu baba afariki, halmashauri itazindua bomba la maji lililojengwa kwa mawe uwanjani kwa heshima ya marehemu meya wetu mpendwa, Tsvyatko Dramaliev.

"Wewe Zlatina ndiye utakayevuta kitambaa," alisema. "Watu wakuone uko na mimi. Yaliyopita yamepita, dada yangu."

Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki tatu. Alitaka kujikosha kwa jina la baba, mbele ya mji mzima, na mimi nimshikie sabuni.

Baba alikuwa meya wa Brestak miaka ishirini na miwili. Maji ya mlimani aliyaleta yeye, akichimba mtaro pamoja na vibarua, kisha akaingia mkutanoni na matope magotini. Gencho, msaidizi wake, ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na barua ya kudai kwamba baba ameiba mabomba. Watu sitini na wawili wakatia sahihi, baba akaondolewa, Gencho akakalia kiti chake. Miezi minane baadaye alianguka jikoni, hakuinuka tena. Wiki iliyofuata mabomba yote yakakutwa ghalani, na hakuna aliyekuja kusema samahani. Nakala ya barua ile niliikuta ndani ya koti la baba.

"Nitavuta," nilimjibu Gencho. "Na ahsante kwa keki." Nilitaka alale usingizi mnono.

Kwetu marehemu hatangazwi mara moja tu. Siku arobaini, miezi sita, mwaka: familia huchapisha karatasi yenye picha yake, maneno machache, na chini majina ya waombolezaji, ikaibandika milangoni, kwenye nguzo na kwenye miti. Hakuna anayeichana. Mvua na jua ndivyo vyenye ruhusa. Hata walevi wetu hukojolea mti wa pili.

Nikampelekea Spas mchapaji picha ya baba pamoja na ile barua. Alisoma, akavua miwani.

"Hawa wa chini ndio waombolezaji?"

"Ndio hao. Wachape na namba zao na sahihi zao."

"Zlatina, na mimi nimo. Wa thelathini."

"Basi angalia usikosee jina."

Jina moja tu nilikuwa nimelifunika kabla ya kumpa. Namba kumi na saba, Rayna Dramalieva, mama yangu. Sikuwahi kumuuliza. Niliogopa jibu.

Jumapili alfajiri nilibandika karatasi mia mbili. Mlango wa Gencho niliupa tatu. Watu walipotoka kanisani, barabara nzima ilikuwa inasoma.

"We Dimo, umeandikwa!"

"Na wewe je? Wa tisa wewe!"

"Mimi niliambiwa ni barua ya kutengeneza barabara."

"Ee, leo kila mtu aliambiwa ya barabara!"

Uwanjani walifika wote, kwa sababu kukosekana kungekuwa kukiri. Gencho alihutubia huku jasho likimtoka, akamwita baba ndugu yake. Nikavuta kitambaa. Juu ya jiwe jina la baba lilikuwa dogo, na chini yake, kwa herufi kubwa, ilipaswa kusomeka kwamba bomba limejengwa na meya Gencho Badev. Haikusomeka. Hapo hapo, alfajiri ile, nilikuwa nimepenyeza mkono chini ya kitambaa na kubandika karatasi ya mwisho.

Mkono wake ulikwenda kwenye karatasi, ukasita.

"Ichane, bwana meya," nilisema. "Watu wanakuangalia."

Mtu alicheka, kisha wengi. Nilifurahi. Mwaka mzima nilikuwa nimeusubiri uso ule.

Lakini Gencho alikuwa ameinama, anasoma. "Namba kumi na saba iko wapi?" alipaza sauti. "Sahihi hizi nilizikusanya mimi, nazijua. Waambie, Zlatina, nani alitia sahihi nyumbani kwa Tsvyatko, kwenye meza yake mwenyewe!"

Kicheko kikakatika. Mama akatoka katikati ya watu na nguo zake nyeusi, akamwomba Spas kalamu, akaandika jina lake palipokuwa wazi.

"Uliniambia nikisaini Tsvyatko hatafungwa," alimwambia Gencho. "Nikakuamini, mjinga mimi." Akanigeukia. "Na baba yako alijua, mwanangu. Alinionyesha sahihi yangu kwa kidole, akasema imepinda kwa kuwa nilikuwa natetemeka. Halafu akaniomba chumvi."

Mama akafunua sufuria ya ngano ya kuchemsha, ile tunayowagawia watu ili waile na kusema Mungu amsamehe marehemu, akamtilia Gencho kijiko kimoja kiganjani. "Kula, useme."

Gencho alikula. "Mungu amsamehe Tsvyatko."

"Tsvyatko hana la kusamehewa. Taja jina lako."

Maneno hayo kwetu husemewa wafu tu. Gencho aliangaza huku na huku, lakini hakuna aliyefumbua mdomo kumtetea.

"Mungu amsamehe Gencho Badev," alisema chini chini.

"Kwa sauti."

Akarudia, na uwanja mzima ukasikia. Mama akaitikia kwa kichwa, akajitilia ngano kiganjani mwake mwenyewe.

"Mama, acha!" nilipiga kelele. "Wewe usiseme!"

Alikula polepole, akafuta midomo, akasema maneno yale yale, akalitaja jina lake mwenyewe.