Vidole Vinne Chini ya Pua ya Ndege

…sita, si vinne, vidole sita vya chuma kinachong'aa kwenye mguu wa mbele wa ndege, na Placide hana haja ya kuinama tena avipime, miaka kumi na moja anapakia ndege za jeshi na kila safari kabla ya kuruka huweka vidole vyake kwenye ule mguu wa pua, chuma kitupu cha vidole vinne kikionekana basi mzigo umekaa vizuri, vitatu basi pua imelemewa, vitano basi mkia unavuta, na sita… sita aliwahi kuiona mara moja tu, Kasongo, lakini Kasongo ilikuwa zamani na hapa ni Baraka, saa nne ya asubuhi, injini ya kulia imeshawaka, majani ya uwanja yamelala kwa upepo wake, ya kushoto inamngoja yeye, mkono wake uko juu tayari, kiganja wazi, kilichobaki ni kupiga bati mara mbili chini ya dirisha la rubani, pa, pa, ndiyo desturi yao wawili, kanali hawashi injini ya kushoto mpaka asikie mapigo hayo, na kama kuna ubaya Placide hukunja ngumi hewani na kila kitu husimama, lakini ngumi amekunja mara mbili tu katika miaka yote hiyo, na ya pili ilikuwa ya mlango ambao haukufungwa sawasawa, hiyo haihesabiki… na leo si siku ya ngumi, leo ni safari ya mwisho ya kanali huyu, Bwana Kilo wao, kuanzia Jumatatu ni kanali wa ofisini, Léopoldville, ndege zote za mizigo za Kongo nzima zitaruka kwa sahihi yake na yeye mwenyewe hataruka tena, na Placide, ambaye leo anabaki chini huku kwao, alitaka siku hii iwe safi, mapigo mawili, vumbi, kisha ndege ndogo juu ya ziwa, ikipita mbele ya Ubwari, ikikata kusini kwenda Albertville, basi. "Pla… iko… wa?" Kanali anapaza sauti dirishani, injini inameza katikati ya maneno yake, masharubu yake yamekuwa meupe, lini yamekuwa meupe, yalikuwa mekundu kama kutu alipofika mwaka arobaini na sita, luteni mwembamba aliyetoka vitani, alikobeba unga na maturubai kwa ndege, si mabomu, hilo alilisema siku ya kwanza, mi sikuangusha kitu, mi nilifikisha, na Placide, askari wa miaka kumi na tisa, alimpenda kwa neno hilo moja kabla hajajua kwamba mtu huyu atamtesa na mizani, maana popote waliposhuka swali lake la kwanza lilikuwa, "Kilo ngapi?", hata salamu ilikuja nyuma, alimpandisha askofu kwenye mizani ya kahawa, askofu na fimbo yake, kilo tisini na nne, masista wakageuza uso wasicheke, na jina likamganda kutoka Uvira mpaka Kamina, Bwana Kilo, yeye mwenyewe analijua na analipenda… na sasa Bwana Kilo ana kilo mia na kumi na moja mkiani na hajui. Mia na kumi na moja, Placide amezijumlisha bila kufungua mlango, maana asubuhi aliwaona wanawake wa Swima wakiingia uwanjani na vitunga vitatu vya ndagala wakavu, visamaki vya ziwa, na mabidoni mawili, madumu ya mawese, na sasa wanawake wanaimba pale pembeni wakipiga makofi, mikono mitupu, vitunga haviko kwenye majani, haviko kivulini, haviko popote, kitunga kimoja kilo ishirini na tano, maana mama yake, aliye kati yao, hajui kujaza nusu, mara tatu sabini na tano, bidoni kumi na nane, mara mbili thelathini na sita, na yote yameingia kwenye kile chumba cha nyuma kabisa ambacho kitabu cha ndege kinakipa kilo thelathini, dakika zile zile yeye alipokuwa mbele akimwinua mama mmoja mgonjwa kutoka kwenye kipoyi, machela ya mabegani, na tena aliambiwa, hawezi kusema hakuambiwa, mama yake, Mama Anastasie, alimjia na kile kicheko chake cha meno yote, "We Placide, muzungu anakuchunga miaka kumi na moja na haujamupa hata samaki moya ya kwetu? Batu ba Swima batasema siye tuko batu ba namna gani? Tumemuwekea kitu kidogo kule nyuma, usimuambie, acha ashangae kule anaenda," na yeye akasema, "Mama, ndege haiko mutumbwi," na mama akasema, "Mutumbwi ndio ulikulisha, usiutukane," na wanawake wakamcheka serja mzima, sajini wa jeshi, na yeye akacheka nao, akawaza kifurushi, samaki wawili watatu kwenye jani la mgomba, kitu kidogo, ndivyo alivyosema, lakini tangu lini kitu kidogo cha mama yake kikawa kidogo… Na bado inawezekana, kwa nini isiwezekane, Bwana Kilo si rubani wa jana, ametua Fizi kwenye matope yaliyofika nusu ya gurudumu, ametoka Kabalo na injini moja akiimba wimbo wa kwao, amebeba chumvi, barua, dawa za ndui, ng'ombe jike mchanga wa misioni aliyejisaidia juu ya viatu vya mkaguzi, amebeba sanduku la rafiki yake aliyekufa kwa homa na siku hiyo hakuuliza kilo, na pua ikiwa nyepesi atasukuma usukani mbele, ana mikono, atausukuma, ndege itatikisa kichwa kidogo kisha itatulia, na Albertville atafungua mlango wa nyuma aone ndagala wa Swima na atacheka mpaka masharubu yashuke, na hakuna mama atakayeaibika mbele ya uwanja mzima… hivyo ndivyo baba yake Placide angefanya, baba yake aliyevusha watu kutoka Swima kwenda Kazimia na kuwapanga kwa kuwatazama tu, we mama kaa hapa, we munene kuja katikati, hakukosea hata siku moja isipokuwa siku ya shemeji zake, walioweka mbuzi wanne nyuma ya mtumbwi naye akaona haya kuwakatalia, pua ikainuka, maji yakaingia kwa nyuma, watu wakaogelea wakitukanana na mbuzi wakafika pwani kabla yao, kijiji kilicheka mwaka mzima, ndiyo, walicheka, maana pwani ilikuwa karibu… juu ya ziwa baada ya majani haya hakuna pwani ya kuogelea, ndege yenye mkia mzito inapanda, inapanda, inaonekana inapanda vizuri kuliko siku zote, kisha inasimama angani, na usukani haujibu tena, Bwana Kilo mwenyewe alimweleza hivyo, Kasongo, siku ya vile vidole sita vya kwanza, makatekista walisogeza sanduku la jiwe la altare nyuma ili mapadri wakae vizuri, Placide akakunja ngumi, na luteni akashuka mwekundu shingo nzima, "Ni nini tena, wewe?", akaenda nyuma, akatazama, sanduku likarudishwa mbele, na walipokuwa juu akamwita, akamwambia bila kugeuka, "Siku nyingine ukikunja ngumi, mi siulizi. Lakini usikunje bure," na mwaka ule ule akapata nyota ya tatu, akawa kapteni, kisha komanda, kisha meja, nyota juu ya nyota, na mwezi uliopita kwenye gwaride wakamsomea karatasi, saa elfu tano angani, hakuna abiria hata mmoja aliyeumia, wakamvisha medali, na Placide alikuwa mstari wa tatu, alipiga saluti, alifurahi kweli, lakini masikio yake yalikuwa yakingoja mstari mmoja zaidi, neno moja juu ya mguu wa pua, na karatasi ikakunjwa… usione wivu, Placide, si wivu, ni hesabu tu, ile mikono ya Bwana Kilo unayoitegemea sasa hivi haijawahi kushika ndege yenye vidole sita, hajui ndege hiyo inavyovuta, hata siku moja, na hajui kwa sababu wewe hukumpa. Hesabu hii inamjia vizuri, bila haraka, kama mzigo unapokaa mahali pake. Matope ya Fizi, vidole vinne. Kabalo na injini moja, vinne, na aliviangalia mara mbili. Hata ng'ombe yule… hata yeye alimfunga katikati, kichwa mbele. "Pla-cide! Saa ina…!" Ndiyo, Kolonele, saa inapita, na kule ndani, kwenye godoro kati ya viti, kuna Mukarurangwa, yule mama wa kipoyi, mtoto amekaa tumboni kimshazari tangu jana, wanaume sita wamemshusha kutoka milimani kwa zamu, na daktari wa Albertville anangoja, na pale karibu na jiwe la mpaka wa uwanja amesimama mumewe, Rugema, kofia mkononi, hatazami ndege, hatazami injini, anatazama kiganja cha Placide, maana alimuuliza, "Serja, bibi yangu atafika?" na Placide akasema, "Atafika, baba," na Rugema akamshika kwa macho, "Unasema kweli, ao unasema tu?" na yeye akajibu kwa kifua chote, "Mi nilipakia mwenyewe"… mi nilipakia mwenyewe, na vitunga vitatu na mabidoni mawili, nani alipakia? Basi. Ataona haya, na mama yake ataona haya zaidi, wimbo utakatika, atajifunika kitambaa usoni, Swima watasema mpaka mvua nyingine, lakini haya haina kilo, na kitunga kimoja kinaweza kukaa mbele, nyuma ya kiti cha Bwana Kilo, ishirini na tano, ndiyo, pua itashuka mahali pake, na Bwana Kilo atakula ndagala mmoja hapa hapa mbele ya wanawake wote, Placide atamlazimisha, atamwambia mon colonel, hii ni ya mama yangu, tafuna, dakika kumi, haizidi kumi, mtoto wa Rugema amengoja tangu jana atangoja dakika kumi… Upepo wa injini bado unalaza majani, kanali bado ameweka kidole kwenye swichi ya kushoto, wanawake bado wanaimba, na mama yake ameuona ule mkono ulioinuliwa, amedhani anapungiwa, naye ameinua wa kwake juu ya vichwa vya wenzake, anaupunga kwa furaha, na Placide anamtazama mama yake machoni huku vidole vyake vinajikunja, kidogo cha mwisho kwanza, kisha vingine vitatu, kisha gumba juu yao, na mkono haushuki.