Sauti ya Msichana wa Mto

Kwa miaka kumi na minne, kila msichana aliyezungumza Kiswahili kwenye katuni za studio ile alizungumza kwa koo la mwanamke mmoja. Walimwita Kinanda. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na magoti yake yalilia akipanda ngazi, lakini akishasimama mbele ya kipaza sauti alikuwa mtoto wa miaka kumi. Hakuna aliyewahi kumwambia ampishe mwingine.

Basi ilipoletwa filamu ya katuni kutoka Japani, ya saa mbili nzima, ili itiwe sauti za Kiswahili, Kinanda hakujisumbua kuuliza nani atakuwa nani. Aliitazama na mwongozaji na fundi mitambo, taa zimezimwa. Ilikuwa habari ya msichana ambaye mto wa kijiji chao umekauka. Anapanda mlima kutafuta sababu, na huko juu anamkuta mama aliyeyaziba maji yakawa ziwa. Mama huyo alifiwa na mwanawe, na kila maji yakitulia huuona uso wa mtoto humo. Ndiyo maana hataki yatiririke.

Michoro ilimnyamazisha. Kila kitu kilichorwa kwa mkono. Hata upepo ulionekana, kwa jinsi majani yalivyolala na kuinuka. Palikuwa na dakika nzima isiyo na neno: msichana anaosha bakuli, analikung'uta, anatazama mawingu.

"Hapa hatugusi," mwongozaji alinong'ona. "Waliochora walitaka watu wapumue."

Kinanda alishaanza kuisikia sauti yake mdomoni mwa yule msichana.

Siku ya pili alikuja studio wifi yake, mke wa kaka yake. Alikuwa mshonaji, na wote waliishi nyumba moja. Alileta gauni la Kinanda alilolipunguza kiuno, akasimama ukumbini akicheka na mlinzi. Mwongozaji akatoka mbio, vipokea sauti vya masikioni viko shingoni.

"Nani huyo anacheka?"

Robo saa baadaye wifi alikuwa ndani, karatasi mkononi, sindano bado imechomekwa kwenye blauzi. Alisoma kama mtu anayeuliza njia. Kuigiza hakujua, na hiyo ndiyo ikawa bahati yake.

"Msichana tumempata," mwongozaji akasema. "Kinanda, wewe utakuwa mama wa ziwani. Huyo ndiye mwenye kazi ngumu."

"Sawa tu," Kinanda akajibu, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Wiki tatu zilizofuata roho haikumtulia. Alijua wifi anasogelea mno kipaza sauti, akanyamaza, amwachie fundi amkaripie. Nyumbani kaka yake alikuwa hamalizi kumsifu mkewe, na watoto walimkimbilia mlangoni: "Shangazi, umemsikia mama leo?" Amemsikia, ndiyo. Alimsikia hata kupitia ukutani, akirudia maneno yake katikati ya mlio wa cherehani. Kibaya zaidi, wifi mwenyewe hakuwa na majivuno hata chembe. "Wifi, nifundishe," alikuwa akimwambia. "Mimi nabahatisha tu, wewe ndiye mwalimu." Angekuwa na maringo, angalau Kinanda angepata pa kumchukia.

Ikabaki siku ya mwisho, siku ya msichana na mama kukutana kando ya ziwa. Jioni iliyotangulia mwongozaji alimshika Kinanda mlangoni.

"Kesho tunaanza saa tatu badala ya saa tano. Mwambie wifi yako, mnakaa pamoja."

Kinanda alifika nyumbani, akamkuta wifi anapinda pazia la mteja. Wakazungumzia mvua, wakazungumzia bei ya uzi. Neno lile alilimeza.

Asubuhi, saa tatu na nusu, mwongozaji alikuwa anazunguka chumba kizima. "Simu hapokei! Basi, Kinanda, soma wewe sehemu zote mbili. Tusipoteze siku."

Akasoma. Sauti ya msichana ilitoka safi, kila silabi mahali pake, kilio kikaja pale kinapotakiwa. Fundi akairudisha waisikilize. Pale kwenye skrini msichana alikuwa ameketi kando ya adui yake, hakumpiga wala hakumtukana, akamuuliza, "Mwanao aliitwa nani?" Kinanda akajisikia akiuliza swali lile. Lilikuwa zuri, na halikumuuliza mtu yeyote. Alilijua hilo kabla fundi hajainua macho.

Saa tano kasoro dakika tano wifi akaingia, mkoba begani. Kuona nyuso za watu, akashtuka.

"Nimechelewa? Wifi, samahani, bila shaka nilisikia vibaya. Nimekutia aibu bure."

Angeweza kuliacha lipite hivyo. Kila mtu angeamini.

"Hukusikia vibaya," Kinanda akasema. "Niliambiwa nikwambie. Sikukwambia. Nilitaka sehemu yako."

Wifi akaweka mkoba chini na kusimama mbele ya kipaza sauti.

"Tufanye kazi," akasema.

Wakasimama ubavu kwa ubavu. Ilipofika zamu yake wifi aliuliza, "Mwanao aliitwa nani?" na ndani ya swali lile mlikuwa na hasira, na chini ya hasira mlikuwa na kutaka kujua kweli. Kinanda akajibu kama mama wa ziwani, na sauti ikamkatika mahali ambapo karatasi haikusema ikatike. Fundi hakusimamisha mashine. Walirekodi mara moja tu.

Siku kumi wifi hakusema naye ila kwa salamu ya lazima. Kaka yake aliuliza kuna nini, wote wawili wakamwambia hakuna kitu. Siku ya kumi na moja wifi akamwita chumba cha kushonea.

"Nimekusamehe," akasema, mguu bado uko kwenye cherehani. "Lakini kuanzia leo ujumbe wangu napokea mwenyewe."

"Ni haki yako."

"Na uniambie kwa nini fundi alikuwa akinigombeza kila siku."

"Unakisogelea mno kipaza sauti," Kinanda akasema. "Siku nyingine rudi nyuma shibiri moja."

Filamu ilipoonyeshwa ukumbi ulijaa. Wakati maji yanaachiwa, yakishuka mlimani, kila tone limechorwa kwa mkono, watu wazima walipangusa macho. Mwishoni walimzonga wifi, wakimwomba aseme kidogo kwa sauti ya yule msichana. Kinanda alipiga makofi na wenzake. Roho ilimchoma palepale pa siku zote, naye akaendelea kupiga makofi.