Orkide ya Ngalula na Kikanda cha Mamukwe

Nyumba ya Albertine haikujua kufunga mlango. Ukipita Kamalondo siku ya Jumapili baada ya misa, enzi zile mtaa ukiitwa commune Albert na mji ukiitwa Elisabethville, ungesikia kicheko chake kabla hujaiona nyumba yenyewe. Watu walijaa kwenye barza, kwenye ngazi, juu ya ndoo zilizopinduliwa, na juu ya vichwa vyao zilining'inia orkide: zile za mitini zimefungwa kwenye vipande vya magogo kwa mpira wa baiskeli, zile za ardhini zimepangwa ukutani ndani ya vyungu. Hicho ndicho kilikuwa chama chao cha orkide. Wenyewe walikiita Cercle, na walipolitamka neno hilo walinyoosha shingo kidogo.

Kazi ya chama ilikuwa kupangusa majani kwa kitambaa chenye maji ya mvua, kutafuta konokono, kugawana vichipukizi, na kusema watu. Kusema watu kulichukua muda mrefu zaidi.

Rais wao alikuwa Constantin, karani mwenye tai hata siku ya joto, na sheria yake ilikuwa moja tu: mwanachama hali kikanda. Asiyekijua kikanda hajaishi. Orkide za ardhini zina mizizi minene kama viazi vidogo. Wanawake huikausha, huitwanga, huipika pamoja na unga wa karanga na pilipili, kisha huweka makaa juu ya mfuniko mpaka chakula kikauke juu, kikatwe vipande kama mkate. Katanga nzima inakipenda. Lakini Constantin alikuwa akisema, "Muntu hawezi kubusu mutoto asubui, magaribi anamukula." Wanachama walipiga makofi. Halafu kila mmoja akaenda kula chake kwa siri. Wivine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikificha ndani ya kabati chini ya nguo za misa, na kanisani alinukia karanga.

Katika chama hicho hakuna aliyekuwa karibu na Albertine kama Ngalula, mwanamke wa Kasai, mcheshi mwenye ulimi wa wembe. Na hakuna ua lililoonewa wivu kama lake. Mume wa Ngalula, Casimir, alilichimba zamani kwenye bonde la maji njia ya Kinsevere, na likatoa maua mekundu kama kaa la moto. Wengine walikwenda kutafuta bonde hilohilo, wakarudi na matope.

Mwaka wa sitini na moja, Katanga ilipokuwa imejitenga na ina bendera yake, watu wa Kasai mjini, waliohesabiwa wageni, wakaanza kulala na viatu miguuni. Nyumba zilivunjwa, watu wakapigwa, wengi wakakimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, ile ONU. Mwezi wa tisa, asubuhi moja, Casimir akaja mbio na chungu mikononi, jasho likimtiririka.

"Albertine, ndugu yangu, tunakimbia ku kambi ya ONU. Ngalula iko mbele na batoto. Chunga hii yake sawa jicho yako. Atakuya kuikamata."

Akakiweka kwenye barza, akakimbia. Chungu kilikuwa udongo mtupu kwa juu, lakini hilo halikumshangaza Albertine. Kiangazi orkide za ardhini hufa majani, mizizi ikalala chini ikingoja mvua. Akakihamishia kivulini, akakifunika kwa gunia, akafuta machozi kwa pembe ya kitenge.

Sasa, ndani ya nyumba hiyo aliishi pia mama wa mume wake, Mama Chileshe, mzee wa Luapula, huko kwa mabingwa wa kikanda, mdogo wa umbo, mwenye neno moja kwa siku. Siku ya Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, mzee akapika kikanda. Clément, mwanawe, fundi wa reli, alikula mpaka akafungua mkanda. Albertine alikula akalamba vidole. Hata Wivine aliruka ukuta kuja kukwangua chungu.

Mvua zikaja. Vyungu vyote vikachomoza ncha za kijani, isipokuwa cha Ngalula. Albertine akangoja. Akakisemesha. Mwishowe akaingiza kidole, kisha mkono mzima, kisha akamwaga udongo wote kwenye gazeti. Hapakuwa na kitu. Hata uzi wa mzizi.

Akakaa chini palepale. Kile kikanda cha Toussaint kikampanda rohoni, pilipili na karanga na vyote.

"Yo mayo," alinong'ona. "Nimekula orkide ya Ngalula."

Wewe utasema: si angemuuliza mzee? Ndiyo, huko kwenu labda. Katika nyumba ile mkamwana hafunui chungu cha mamukwe, wala haulizi kilichomo kimetoka wapi. Unakula, unashukuru, unaosha sahani. Kuuliza ni kusema: wewe ni mwizi au mchawi. Albertine akamwendea mume wake.

"Clément, ulize mama kama ile kikanda alitoa wapi."

Clément akaweka koti lake la kazi begani. "Miye? Niulize mama yangu kama anaiba maua? Albertine, miye natengeneza treni. Hii ya kwenu ya maua, tengenezeni benyewe." Akatoka.

Basi neno likabaki tumboni. Na Albertine, ambaye hakuwahi kuweka neno tumboni hata la jirani, likamvimbia. Akaanza kumpita mzee bila kumtazama. Ufunguo wa ghala akaufunga kwenye kitenge chake. Mzee alipoamka kwenda jikoni, aliambiwa, "Pumuzika, mama, nitapika miye," kwa sauti baridi kama sahani ya bati. Mama Chileshe akabaki karibu na mbabula, mikono mapajani, akitazama makaa. Ile nyumba iliyokuwa ikicheka, kicheko kikapungua kama mafuta ya taa vita vinapofunga maduka.

Desemba mabomu yakaanguka mjini, ONU upande mmoja na askari wa Katanga upande mwingine. Wote walijibana chini ya kitanda. Katikati ya mlio Albertine akamwona mzee akitambaa kutoka, akaenda mpaka barazani, akarudi amekumbatia chungu kitupu cha Ngalula, akakificha kifuani.

"Angalia yeye," Albertine akawaza. "Anafunika zambi yake."

Mji ulipotulia, Wivine, aliyesikia yote kupitia ukuta, akaja na shauri. Wivine hakosi shauri. "Dada, panda ingine! Udongo iko udongo, majani iko majani. Nani atajua?" Albertine akaona aibu, lakini akafanya. Akachukua mzizi kutoka kwenye chungu chake mwenyewe, akaupanda katika chungu cha Ngalula, akaomba msamaha kwa Bikira Maria, akaumwagilia maji. Ukaota vizuri, ukarefuka, ukafunga vitumba. Vikafunguka rangi ya waridi. Waridi kama utepe wa nywele za mtoto! Albertine alivitazama, akatamani kuvipaka rangi nyekundu ya kucha.

Februari, zikaja habari. Watu wa Kasai waliokuwa kambini walisemekana watapelekwa kwao, na masista wenye camionnette, gari dogo la dawa, walileta salamu: Jumapili watampitisha Ngalula kwa Albertine, aage watu na kuchukua kitu chake.

Jumapili hiyo nyumba ilijaa kuliko ndoa. Constantin alivaa tai mpya. Wivine alileta mikate ya mafuta, na macho yaliyofunguka kama milango, kwa sababu siri aliijua na alitaka kuona itakavyopasuka. Albertine alikiweka chungu cha waridi nyuma ya mlango, akakitoa, akakirudisha. Mdomoni alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu alfajiri: Ngalula, ndugu yangu, ulinipa jicho nikalila. Kila akifika hapo, alianza upya.

Camionnette ikapiga honi. Ngalula akashuka.

Alikuwa amekonda. Mabega yake yalichongoka ndani ya kitenge kilichopauka, na nywele zake zilizokuwa zikisukwa kila Jumamosi zilikuwa zimenyolewa. Barza nzima ikanyamaza. Mkononi alishika kitu kimefunikwa kwa kitambaa.

"Munanyamaza namna gani?" akasema. "Minakufa? Minakuya kuzikwa? Leta kiti!"

Ulimi ulikuwa uleule. Watu wakamrukia, wakalia, wakacheka, wakamuuliza batoto namna gani, Casimir iko wapi, mulikula nini, mulilala wapi. Akawajibu wote kwa pamoja. Watoto wazima. Casimir anachunga mizigo. Walilala chini ya mabati ya kuokota, wakala unga wa ONU mpaka wakasahau ladha ya chumvi.

"Na chungu yangu?" akauliza.

Albertine akaenda nyuma ya mlango. Hakuna mwendo mrefu kama ule. Akarudi na lile ua la waridi, akaliweka mbele ya rafiki yake, akapiga magoti.

"Ngalula, ndugu yangu..."

"Hii iko ya nani?"

"Ngalula, ulinipa..."

"Hii njo yako weye! Ile ya rose yenye ilipata ya mwisho ku mashindano ya Cercle mwaka ya sitini!" Ngalula akageuka kwa watu. "Angalieni, ananizawadia ya mwisho! Albertine, simama, magoti yako inachafuka. Uliweka nini mule? Mule hamukuwa kintu."

"Hamukuwa kintu?" Albertine akauliza. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya kifaranga.

Ngalula akavuta kitambaa. Ndani ya kopo la maziwa ya unga la ONU, lililotobolewa matundu chini kwa msumari, ilisimama orkide yake, nyekundu kama kaa la moto, maua mawili wazi na moja likijifungua.

"Nilichimbula ile usiku mbele ya kukimbia," akasema Ngalula. "Nikafunga mu kitenge pamoja na mutoto. Casimir hakujua. Ye anaona chungu, anabeba chungu, mwanaume! Alipofika ku kambi ananiambia, 'Nimeacha maua yako kwa Albertine.' Nikacheka mpaka askari ya ONU akakuya kuangalia. Nikasema, ndugu yangu atamwangilia udongo mwaka muzima."

"Lakini juu ya nini ulichimbula? Hukuniamini?"

"Weye ninakuamini." Ngalula akainua kidevu kuelekea jikoni, ambako mzee alikuwa amesimama mlangoni. "Lakini kuacha kikanda ku nyumba yenye iko na mama wa Luapula? Bamama, munisamehe. Maua haina miguu."

Kicheko kilichopasuka pale kiliitikisa hata ile mikate. Wivine alijipiga mapaja. Constantin alishika tai yake isimnyonge. Albertine peke yake hakucheka mara moja. Alijisikia kama mtu aliyebeba gunia la mkaa tangu Novemba, na ghafla mtu akalipokea kwa nyuma. Akakaa chini kabisa, akashika kopo lile la maziwa kwa mikono miwili, akalia na kucheka katika pumzi moja.

"Kumbe sikuila! Eh Yesu, kumbe sikuila!"

Mama Chileshe akasogea. Alimtazama mkamwana wake, na neno lake la siku likageuka mengi.

"Kumbe njo ile?" akasema polepole. "Ile ufunguo, ile 'pumuzika mama', ilikuwa juu ya kikanda? Miye nilisema, huyu mutoto amenichoka. Nilisha kufunga bintu yangu mu kitambaa, ningoje tu njia ifunguke nirudi Luapula. Hata ile siku ya mabomu nilibeba chungu ya rafiki yako, nikasema labda ataona, roho yake itageuka."

"Mama..." Albertine akajifunika uso kwa kitenge.

"Ile kikanda ya Toussaint nilinunua mizizi ku soko, kwa mama moya anatokaka Kinsevere. Ungeuliza."

"Mukamwana haulizake chungu ya mamukwe, mama."

Mzee akafikiri. "Ni kweli," akasema. "Ile nayo ni kweli." Na pembeni mwa mdomo wake kitu kikatikisika, na wote wakaona kwamba yeye pia alikuwa ameshushiwa gunia.

Ngalula akapiga kofi moja. "Basi! Masista banarudi magaribi. Miezi yote ile mu kambi, mama fulani alikuwa ananiambia, 'Hii viazi yako tupike.' Nililala juu yake kama kuku na mayai. Orkide yangu sikuikula, lakini hamu iliniua. Bamama Chileshe, hakuna kikanda mu hii nyumba?"

Macho yote yakamgeukia rais. Constantin akakohoa, akanyoosha mgongo, akaitafuta sheria yake hewani.

"Cercle," akaanza, "toka mwanzo..."

"Rais," Mama Chileshe akamkata taratibu, "ile sahani yenye ulituma tukupelekee nyuma ya nyumba siku ya Toussaint, ulisema pilipili ilikuwa kidogo. Leo niongeze?"

Barza ikalipuka upya. Rais wa watu akaivua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Ongeza," akasema.

Basi mizizi mikavu ya sokoni ikatoka, kinu kikatoka, karanga zikatoka, na mchi ukaanza kupokezana mikono. Ile orkide nyekundu waliiweka katikati ya meza ndani ya kopo lake la maziwa, na Ngalula akasema iende naye Kasai, lakini kichipukizi chake cha kwanza akakimega kwa ukucha, akakizika katika kile chungu cha barza, kando ya lile waridi la mwisho. "Sasa mwangilia kintu," akamwambia Albertine.

Kikanda kilipokuwa karibu kuiva, makaa juu ya mfuniko yakigeuka majivu, mamukwe akaita jikoni. Albertine akaja akifuta mikono. Mzee akampa kitambaa cha kushikia moto, akasogea pembeni.

"Funua," akasema. "Angalia vizuri kintu yenye iko ndani."

Albertine akafunua, na mvuke ukampiga usoni.